Grafiki katika chuo cha jamii Marekani: uchukue cheti, AAS au njia ya kuhamia chuo kikuu?

Kila ifikapo Julai na Agosti, vyuo vinapoandikisha wanafunzi wa muhula wa vuli, swali hili hurudi katika familia zetu huku Marekani. Kijana amemaliza sekondari, anatengeneza vipeperushi vya kanisa na kadi za harusi kwa simu, watu wanamsifu, na sasa anataka kusoma usanifu wa grafiki. Au anayeuliza ni mtu mzima. Bukavu au Mwanza alikuwa akichora mabango ya maduka kwa brashi, leo anapakia mizigo ghalani usiku huko Louisville, na ile kazi yake ya zamani bado anaitamani. Wote wawili hupewa jibu moja: nenda chuo cha jamii, ada yake ni nafuu.

Jibu hilo ni sahihi, ila limeishia njiani. Katika chuo kimoja, idara moja, tena mara nyingi kwa walimu walewale na maabara ileile, kuna programu tatu tofauti. Ya kwanza ni cheti cha muda mfupi. Ya pili ni shahada ya miaka miwili ya kazi, ambayo kwenye makaratasi huandikwa AAS. Ya tatu ni shahada ya miaka miwili ya kuhamia chuo kikuu, inayoandikwa AA, AS au AFA kutegemea jimbo. Muhula wa kwanza wanafunzi wa programu zote tatu wanaweza kukaa meza moja wakichora duara na pembetatu. Tofauti huja kuonekana baadaye, mtu akishapita nusu ya safari, na kubadilisha wakati huo kunagharimu pesa na miezi.

Nimeandika kwa ajili ya waliokwama kati ya hizo tatu. Sitasema ipi ni bora kwa kila mtu, kwa sababu nimeona watu waliofanikiwa kwa kila moja, na waliopoteza muda kwa kila moja pia.

Kwanza, chuo chenyewe

Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili, karibu na watu wanapoishi. Kikongwe kuliko vyote ambacho bado kinafanya kazi ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Leo viko takriban 1,000 nchi nzima. Vingi havichuji wanafunzi kwa alama za juu. Ukiwa na cheti cha sekondari au GED, mtihani wa kuchukua nafasi ya cheti hicho, unapokelewa, kisha unapimwa kiwango chako cha Kiingereza na hesabu ili upangiwe darasa. Mwenye Diplôme d'État ya Kongo, KCSE ya Kenya au cheti cha kidato cha nne au cha sita cha Tanzania anaweza kutakiwa kukifanyia tathmini kupitia taasisi kama WES. Uliza kwanza kama chuo chako kinaitaka, kwa sababu tathmini hiyo ina gharama yake na vyuo vingine havina haja nayo.

Jambo moja la kukusaidia kutafuta: jina la programu hubadilika kutoka chuo hadi chuo. Portland Community College ya Oregon huiita Graphic Design, Ivy Tech ya Indiana huiita Visual Communications. Ukitafuta neno moja tu kwenye tovuti ya chuo, unaweza kudhani hawafundishi.

Vipimo nitakavyotumia

Nitaziangalia njia zote tatu kwa mambo manne: pesa na muda; kinachofanyika darasani pamoja na kazi utakazotoka nazo; krediti zako, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, zitapokelewa wapi baadaye; na kazi unayoweza kuomba.

Mimi natilia uzito zaidi la pili na la tatu. La pili, kwa sababu katika fani hii mwajiri hufungua potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, kabla ya kusoma umesoma wapi. Kazi kumi au kumi na mbili zilizofanywa vizuri zina nguvu kuliko jina la chuo. La tatu, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu anasoma miaka miwili akiamini amefika nusu ya shahada ya kwanza, kisha chuo kikuu kinamhesabia muhula mmoja tu.

Pesa, kwa wote

Ada hutofautiana kwa jimbo. California ni kati ya nafuu kabisa: mkazi hulipa dola 46 kwa krediti moja, bei iliyowekwa mwaka 2012. Shahada ya miaka miwili ni krediti 60 hivi, yaani dola 2,760 kwa masomo yote, kabla ya vitabu, vifaa na ada ndogondogo. Majimbo mengine yako juu ya hapo, lakini bado ni sehemu ndogo ya ada ya chuo kikuu. Asiye mkazi wa jimbo hulipa mara kadhaa zaidi, na ukazi kwa kawaida huhitaji kuishi hapo mwaka mmoja. Kama umehamia jimbo jipya mwezi wa tatu, hesabu hiyo ifanye kabla ya kujiandikisha.

Kisha kuna Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Unauomba kwa kujaza fomu ya FAFSA, na kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Raia na mwenye green card wanaweza kuomba, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamekuwa wakihesabiwa pia. Thibitisha hali yako na ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, usitegemee maneno ya jirani. Anayesoma kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hapati Pell.

Pell ina kikomo, na wengi hawakijui: mihula 12 ya kusoma muda wote, maisha yako yote. Mwenye kuchukua cheti, kisha akabadili mawazo akaanza AAS, kisha akahamia chuo kikuu akakuta krediti zake nusu zimekataliwa, anaweza kuishiwa Pell kabla hajamaliza shahada ya kwanza, na mikopo ikaanzia hapo.

Cheti

*Pesa na muda.* Ni mihula miwili au mitatu, mara nyingi kati ya krediti 15 na 30. Kwa mfuko ni nyepesi kuliko zote. Angalia kitu kimoja: kwa sheria iliyozoeleka, programu iliyo chini ya wiki 15 haipati Pell. Sheria ya mwaka 2025 imeruhusu baadhi ya programu za wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 2026, kwa masharti, na cheti cha grafiki cha chuo chako kinaweza kisiwemo. Uliza wazi: cheti hiki kinapata Pell?

*Darasani.* Programu za kompyuta ndizo zinazotawala: Illustrator, Photoshop, InDesign, siku hizi na Figma. Somo moja la misingi ya usanifu, pengine moja la herufi, yaani kuchagua na kupanga maandishi. Masomo ya jumla kama historia na sayansi hayamo, jambo linalowafurahisha wengi. Upungufu wake ni kazi za potifolio. Utatoka na kazi nne au tano nzuri, na zote zinafanana na za wenzako kwa sababu mlipewa zoezi moja.

*Krediti.* Vyuo vingi hupanga cheti kiwe sehemu ya AAS yao, ili ukitaka kuendelea uhesabiwe kila kitu. Nje ya chuo hicho, cheti hakibebeki mbali.

*Kazi.* Peke yake ni vigumu kukupatia ajira ya usanifu kwa mtu asiye na uzoefu. Kwa mwenye uzoefu ni habari nyingine kabisa. Yule mchora mabango wa Mwanza ana jicho tayari, anajua rangi, anajua mteja. Anachokosa ni kompyuta na karatasi ya Kimarekani ya kuonyesha. Cheti kinampa vyote viwili, na duka la mabango au la kuchapa tisheti linaweza kumchukua kesho yake.

*Kinamfaa* mwenye ujuzi wa mikono anayehamia kwenye kompyuta, mwenye biashara yake anayetaka kuacha kuwalipa watu wamtengenezee matangazo, na mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka kuongeza stadi hii. Kijana wa miaka 18 asiye na uzoefu, mimi ningemwambia akichukulie kama ngazi ya kwanza ya AAS, asikome hapo.

AAS

*Pesa na muda.* Krediti 60 au zaidi kidogo, miaka miwili ukisoma muda wote. Wanaofanya kazi huku wanasoma huchukua miaka mitatu au minne, na hakuna aibu katika hilo. Ila ijue ratiba yake. Somo la karakana la krediti tatu mara nyingi hukutana saa tano au sita kwa wiki, na nje ya hapo kuna kazi ya nyumbani ya saa nyingi. Ukipiga zamu ya usiku, mawili kwa muhula yanatosha. Masomo ya jumla yanaweza kufanywa mtandaoni, ya karakana kwa kawaida yanakutaka uwepo.

*Darasani.* Hapa ndipo chuo cha jamii kinapong'aa, na nitakaa kidogo.

Kwa kawaida theluthi moja au pungufu ya krediti ni masomo ya jumla. Zilizobaki zote ni fani: misingi ya usanifu, kuchora, rangi, herufi, mpangilio wa kurasa, picha, tovuti, na katika vyuo vyenye karakana, uchapaji wenyewe. Hilo la mwisho ni hazina. Kijana aliyejifunzia kwenye simu anajua kazi inavyoonekana kwenye kioo. Hajawahi kuiona ikikataa kwenye karatasi.

Chukua kadi ya biashara, kitu kidogo kabisa. Kipimo chake Marekani ni inchi 3.5 kwa 2. Mwanafunzi anatengeneza faili la kipimo hichohicho, anapaka rangi ya bluu mpaka ukingoni, anapeleka kuchapa. Kisu cha kukatia kikihama unywele mmoja, kadi inatoka na mstari mweupe pembeni. Ilitakiwa rangi ivuke mstari wa kukatia kwa inchi 1/8 kila upande, yaani faili liwe 3.75 kwa 2.25. Kisha zile namba za simu, ndogo, nyeusi. Kwenye kioo zinasomeka vizuri. Lakini ameziandika kwa weusi wa skrini, ambao programu imeugeuza kuwa mchanganyiko wa wino nne: samawati (cyan), waridi iliyokoza (magenta), njano na nyeusi. Mtambo wa ofseti unachapa kila wino kwa bamba lake. Bamba moja likisogea hata kidogo, namba ya simu inapata kivuli cha rangi pembeni na haisomeki. Mwalimu anampa lenzi ya kukuzia, anamwonyesha vitone. Maandishi madogo meusi huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa lenzi halisahau, na mwenye duka la uchapaji atamtambua kwa faili la kwanza atakalomletea.

Kitu kingine ni kikao cha kukosoana. Kazi zote zinabandikwa ukutani, darasa zima linasimama mbele yake, kila mmoja anaeleza kwa nini alichagua herufi zile na nafasi ile. Kwa wengi wetu tuliolelewa kutomkosoa mtu hadharani, wiki za mwanzo zinauma. Kiingereza nacho kinayumba. Nenda hivyohivyo, useme. Kazini mteja atakuuliza maswali yaleyale, na kule utakuwa huna mwalimu wa kukuokoa.

Mwaka wa pili huwa na somo la potifolio na mara nyingi mafunzo kazini. Nakuomba usijaze potifolio yako matangazo ya kahawa za kubuni na viatu vya kubuni kama kila mtu. Weka kitu chako. Kanga, kwa mfano, ni somo kamili la mpangilio: ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maandishi, ambayo lazima yasomeke mtu akiwa ameivaa. Mwanafunzi anayeweza kusanifu kanga moja na kueleza kwa Kiingereza kwa nini jina limekaa pale lilipokaa, ana kazi ambayo hakuna mwingine darasani anayo.

*Krediti.* Hapa uwe macho. AAS imeundwa ikupeleke kazini. Masomo ya jumla yatahamishika, lakini ya fani chuo kikuu kinaweza kuyakataa au kuyapokea kama krediti za hiari zisizohesabika kwenye shahada yako. Ila si kote ilivyo hivyo. Fashion Institute of Technology ya New York, iliyo ndani ya SUNY, mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, inatoa AAS na shahada ya kwanza chini ya paa moja, na ya kwanza inaelekea kwenye ya pili. Baadhi ya vyuo vikuu vina shahada iitwayo BAS, inayopokea AAS nzima. Na vyuo vingine vya jamii vimetia saini makubaliano ya kuhamisha krediti na chuo kikuu cha jirani. Ukiambiwa makubaliano yapo, omba uonyeshwe kwenye karatasi, programu kwa programu, mwaka kwa mwaka.

*Kazi.* Viwanda vya uchapaji, maduka ya mabango, ofisi za matangazo za makampuni madogo, shule, hospitali, makanisa makubwa. Ukweli usemwe: Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, inaorodhesha shahada ya kwanza kuwa elimu ya kawaida ya kuingilia kazi ya usanifu wa grafiki. Mshahara wa kati wa fani hii Mei 2023 ulikuwa dola 58,910 kwa mwaka, na hao wengi ni watu wenye shahada ya kwanza na uzoefu. Mwenye AAS huanza chini ya hapo. Waajiri wadogo hawaikazii shahada. Makampuni makubwa huichuja kwa kompyuta kabla binadamu hajaiona potifolio yako. Tena kazi ya kuandaa mafaili ya uchapaji peke yake inapungua, kwa hiyo ujuzi wa uchapaji uambatane na usanifu, usiwe ndio wote.

*Inamfaa* anayehitaji kazi ndani ya miaka miwili au mitatu, anayejifunza kwa mikono, mwenye familia ya kulisha, na anayetaka kufungua duka lake la uchapaji siku za usoni.

Njia ya kuhamia chuo kikuu

*Pesa na muda.* Miaka miwili chuo cha jamii, kisha miwili chuo kikuu, angalau kwenye brosha. Shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, na nusu yake unaipata kwa bei ya chini. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia pekee ya shahada isiyoacha deni kubwa.

Lakini katika sanaa, ile miwili ya pili mara nyingi huwa mitatu. BFA, shahada ya kwanza ya sanaa yenye masomo mengi ya karakana, hupangwa kwa ngazi: somo la herufi la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, na mara nyingi kila moja hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukifika na krediti 60 ambazo karibu zote ni masomo ya jumla, unaanzia ngazi ya kwanza pamoja na watoto wa mwaka wa kwanza au wa pili. Krediti unazo, ngazi huna. BA, shahada ya kwanza ya kawaida, ina sehemu ndogo zaidi ya usanifu na hukamilika kwa urahisi zaidi baada ya kuhama, ila potifolio yake inaweza kuwa nyembamba kuliko ya BFA.

*Darasani.* Kiingereza cha uandishi, hesabu, sayansi, historia ya sanaa, kisha kuchora, usanifu wa bapa na wa umbo, rangi. Programu za kompyuta ni chache. AFA, pale inapotolewa, huongeza masomo ya karakana na hupunguza ya jumla. Anayetamani kushika kazi ya mteja mapema atachoka hapa. Anayependa kusoma atafurahi, na historia ya sanaa itamsaidia kuliko anavyodhani.

*Krediti.* Ndiyo nguvu yake. Majimbo kadhaa yana utaratibu ulioandikwa. California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo la chuo chako linahesabiwa kama lipi katika chuo kikuu cha umma. Tumia kitu cha aina hiyo kabla ya kuchagua somo hata moja. Kumbuka tu kwamba masomo ya karakana yana mtihani wa pili: ukaguzi wa potifolio. Krediti inaweza kukubaliwa na ofisi ya uandikishaji, kisha idara ya sanaa ikakuambia urudie. Kwa hiyo hata kwenye njia hii, tunza kila kazi nzuri tangu muhula wa kwanza, ipigwe picha kwenye mwanga mzuri.

*Kazi.* Ukiishia na AA peke yake, huna cha kumwonyesha mwajiri wa grafiki. Njia hii inalipa ukiimaliza. Ukiimaliza, milango ya makampuni makubwa, ualimu wa sanaa na shahada ya pili inafunguka.

*Inamfaa* kijana ambaye nyumbani wanaweza kumbeba miaka minne au mitano, anayetaka kuwa mwalimu au kufanya kazi kwenye makampuni makubwa, na ambaye bado hajaamua kama grafiki ndiyo fani yake, kwa sababu masomo ya jumla yatamfaa hata akigeukia uuguzi au biashara.

Kuhusu akili mnemba (AI)

Wazazi wanauliza kama fani itakuwepo. Kazi za kuingilia, kama kukata picha kutoka kwenye mandhari yake au kutoa bango la haraka, mashine sasa inazifanya kwa sekunde. Sioni hilo likiondoa haja ya mtu anayejua kumsikiliza mteja, kupanga herufi na kuhakikisha kazi inachapika. Linanifanya niwe mkali zaidi juu ya jambo moja: programu inayofundisha vitufe tu, bila kuchora, herufi wala kukosoana, usiilipie, iwe cheti au shahada.

Uchague kwa hali yako

Una miaka 16 au 17 na bado uko sekondari. Muulize mshauri wa shule kuhusu kuchukua masomo ya chuo cha jamii ukiwa hapohapo. Majimbo mengi yanaruhusu, na mara nyingi ada ni ndogo au hakuna. Anza na kuchora na Kiingereza cha uandishi, kwa sababu vinahesabika kwenye njia ya pili na ya tatu.

Una kazi ya usiku na watoto. AAS, masomo mawili kwa muhula, na uchague chuo ambacho cheti chake kimo ndani ya AAS. Maisha yakikukatiza katikati, utatoka na karatasi mkononi, na ukirudi utaendelea ulipoishia.

Ulikuwa fundi nyumbani, una uzoefu wa miaka. Kabla ya kujiandikisha, omba miadi na mkuu wa idara, umpelekee picha za mabango yako. Vyuo vingi vina utaratibu wa kukuruka somo la mwanzo au kukupa krediti kwa ujuzi ulionao. Kisha cheti.

Uko kwa viza ya F-1 kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Cheti kiweke pembeni mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikueleze kinavyogusa viza yako. Lazima usome krediti 12 kwa muhula, na somo moja tu la mtandaoni ndilo linalohesabika humo. Ukimaliza shahada ya miaka miwili unaweza kuomba kibali cha OPT cha kufanya kazi ya fani yako hadi miezi 12, na ukipanda hadi shahada ya kwanza unaweza kuomba tena kwa ngazi hiyo. Kwa hiyo AAS na njia ya kuhamia zote zinakufaa. Linalotofautisha ni kama familia ina uwezo wa kulipa miaka miwili ya ziada kwa ada ya mgeni.

Unataka shahada ya kwanza, lakini unapenda karakana kuliko masomo ya jumla. Tafuta AFA, au AAS yenye makubaliano yaliyoandikwa na chuo kikuu unachokitaka. Usianze mpaka umezungumza na watu wawili: mshauri wa chuo cha jamii na mshauri wa idara ya sanaa kule unakokwenda. Majibu yao yakipishana, mfuate yule wa kule, kwa sababu yeye ndiye atakayehesabu krediti zako.

Hujui kabisa. Jiandikishe muhula mmoja kwa masomo matatu: kuchora, Kiingereza cha uandishi na misingi ya usanifu. Yanaingia karibu kila njia. Wakati huo tembelea maabara ya kompyuta jioni, uangalie kama iko wazi na kama programu za Adobe ziko kwenye mashine, maana kuzilipia nyumbani ni gharama ya kila mwezi. Waombe wanafunzi wa mwaka wa pili wakuonyeshe potifolio zao, na uwaulize wahitimu wa mwaka jana wako wapi.